Mafunjo hayaliwi, lakini yapandeni

Juma hili naomba tuache kidogo habari za bei na za siasa, twende nyuma ya nyumba, pale yanapotokea maji ya bafuni na ya kuoshea vyombo. Kila nyumba ina mahali hapo, na wengi wetu hatupendi mgeni apaone.

Kwangu mimi mahali hapo paliniletea aibu. Naishi Mwanza, mlimani, na anayeijua Mwanza anajua jinsi nyumba zetu zilivyopandana juu ya miamba kama mbuzi. Maji ninayomwaga mimi huteremka kwa jirani wa chini, yake huteremka kwa mwingine, na mwisho wa safari ni Mto Mirongo au mtaro wowote uendao Ziwa Victoria. Siku moja bibi wa nyumba ya chini alipanda ngazi za mawe hadi mlangoni kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti. Kisha akasema: "Mwanangu, njia yangu inateleza kwa sabuni yako. Juzi mjukuu wangu kaanguka." Akageuka, akashuka polepole akishika ukuta.

Hakupiga kelele wala hakutaja mwenyekiti wa mtaa. Laiti angepiga kelele, labda nami ningepata la kujibu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatazama ule mfereji mweusi, nikakumbuka kwamba nilikulia mahali ambapo kazi ya kusafisha maji kama hayo ilifanywa na mmea, bure, usiku na mchana. Mmea huo ni mafunjo, na ndio mazungumzo yetu ya leo.

Mafunjo wengi wenu mmeyaona, hata kama jina hamkulijua. Ni yale mabua marefu ya kijani, yasiyo na majani ubavuni, yenye kichwa cha nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama nywele za mtu aliyeshtuka. Ukivuka daraja la Kirumi kwenda Musoma utayaona yamejaa bondeni mwa Mto Mara. Yapo katika ghuba za Ziwa Victoria, yapo Kagera, na yapo katika ardhi oevu kubwa ya Malagarasi. Yakistawi hufikia mita nne hata tano, zaidi ya marefu ya watu wawili waliosimama begani. Wanasayansi huyaita Cyperus papyrus.

Sasa nitakwambia jambo litakalomshangaza mkulima. Mafunjo ni ndugu wa ndago. Ndiyo, ndago ile ile inayotutoa jasho shambani, unayoing'oa leo na kesho kutwa imerudi. Ukitaka kuthibitisha undugu huo, chukua bua la mmea na ulizungushe taratibu kati ya vidole. Bua la nyasi ni la mviringo. La ndago lina pembe tatu, nawe utazisikia. Bua la mafunjo nalo lina pembe tatu, ila limekua likawa nene kama kifundo cha mkono wa mtoto. Huo ndio ukoo wao. Katika ukoo mmoja yumo mtukutu anayetushinda shambani, na yumo mwingine mwenye manufaa makubwa ambaye tunamfukuza kwao bila kujua.

Nasema tunamfukuza, nami nina ushahidi wa nyumbani. Nilipokuwa mtoto, mbele ya kijiji chetu kulikuwa na ukanda wa mafunjo mpana kiasi kwamba ziwa hukuliona, ulilisikia tu. Mama zetu walikata mabua ya kusukia mikeka na ya kuezekea. Wavuvi walikuwa na vichochoro vyao vya kupitisha mitumbwi. Maji tuliyochota upande wa nchi kavu, baada ya kupita katika mizizi ile, yalikuwa na rangi ya chai hafifu, lakini hayakuwa na tope. Miaka ilipita. Niliporudi kumtembelea mdogo wangu, ukanda ule ulikuwa umekatwa na kuchomwa, na mahali pake palikuwa na matuta ya nyanya. Nikamuuliza, "Mafunjo yamekwenda wapi?" Akacheka, akanijibu: "Kaka, mafunjo hayaliwi."

Jibu hilo msilidharau. Mtu mwenye watoto watano hawezi kulishwa mandhari. Ardhi ile ni nyeusi, ina unyevu mwaka mzima, na wakati wa kiangazi, mazao yanapokauka kwingineko, nyanya hupata bei. Kila anayelima kinamasi ana hesabu yake, nayo ni sahihi kwa msimu mmoja. Tatizo ni hesabu ya misimu mingi, na ya watu wengi kwa pamoja. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

Kama unadhani mmea ulioenea hivi hauwezi kwisha, twende kidogo Misri, kwani mfano wake upo huko huko kwenye maji ya Mto Nile, ambao chanzo chake kikubwa kimoja ni ziwa letu hili. Wamisri wa kale waliyachonga mabua ya mafunjo, wakakata nyama yake ya ndani vipande vyembamba, wakavipanga kwa kupishana, wakavigandamiza na kuvikausha, wakapata kitu cha kuandikia. Mwaka 2013, huko Wadi al-Jarf katika pwani ya Bahari ya Shamu, walipatikana mafunjo yaliyoandikwa yapata miaka 4,500 iliyopita, zama za Farao Khufu, yakieleza safari za kusafirisha mawe ya piramidi yake. Hata neno letu "karatasi" tumelipokea kutoka kwa Waarabu, nao wakalipata kutoka neno la Kigiriki lililotaja ukurasa wa mafunjo. Kwa hiyo mtoto wako anaposema "baba, nataka karatasi," anautaja mmea huu bila kujua.

Basi, yalikuwaje mafunjo ya Misri? Karatasi ya kutengenezwa kwa vitambaa, ufundi uliotoka China, ilipoenea katika nchi za Kiislamu, watu waliacha kuyahitaji mafunjo. Mashamba yake hayakutunzwa tena, na vinamasi vilikaushwa kwa kilimo. Mmea uliokuwa nembo ya Misri ya kaskazini ukatoweka karibu kabisa katika nchi hiyo. Katika miaka ya 1960 mhandisi na balozi wa zamani Hassan Ragab alipotaka kufufua ufundi ule wa kale, ilimbidi alete miche kutoka Sudan. Mwaka 1968 ndipo wataalamu wa mimea walipokuta fungu dogo la mafunjo ya asili limesalia Wadi Natrun. Fungu dogo, katika nchi ile ambayo ilikuwa ikiuzia dunia karatasi!

Nisieleweke vibaya. Mafunjo hayajawa hatarini kutoweka katika dunia nzima. Afrika ya Mashariki na ya Kati bado ni kwao na bado yako mengi. Lakini mmea hautoweki duniani kwa siku moja. Hutoweka ghuba hii, kisha ghuba ile, kisha nchi moja. Misri inatufundisha kwamba mmea ukishakosa kazi katika maisha ya watu, hauna wa kuutetea siku jembe linapokuja.

Hapo ndipo ninapofikia hoja yangu ya leo. Mafunjo yanayo kazi, tena kubwa, ila hatuioni kwa sababu hayatutumii ankara. Tazameni Kampala. Maji machafu ya jiji hilo, pamoja na yanayotoka kwenye mitambo ya kuyasafisha, hupita katika kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia Ghuba ya Murchison, na ni karibu na ghuba hiyo hiyo ndipo jiji linakovuta maji ya kunywa, kule Ggaba. Mwaka 1999 wataalamu wa uchumi walikadiria kwamba kazi ya kinamasi hicho ina thamani ya zaidi ya dola milioni moja za Marekani kila mwaka. Hata hivyo sehemu kubwa ya mafunjo yake imeng'olewa kupisha magimbi na majengo.

Hufanyaje kazi hiyo? Si muujiza. Mafunjo yana shina la chini linalotambaa matopeni kama tangawizi, na kutoka humo hutoka mizizi mingi iliyosukana kama mkeka. Maji yakipita humo hupunguza mwendo, na taka nzito zikatua. Juu ya mizizi huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula uchafu uliosalia. Kisha mmea wenyewe hunyonya ile mbolea iliyomo majini, naitrojeni na fosforasi, ukaigeuza kuwa mabua. Mbolea hiyo hiyo ikifika ziwani bila kuzuiwa hulisha mwani na magugu maji.

Tena mafunjo ni nyumba ya wengine. Katikati ya kinamasi maji huwa na hewa haba, na sangara, samaki anayehitaji hewa nyingi, hawezi kuingia sana humo. Tangu sangara alipopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, furu wa aina nyingi mno walitoweka. Lakini baadhi ya furu, pamoja na ngege, walisalia katika vinamasi vya kingoni na katika vijiziwa vilivyozungukwa na mafunjo, kama Ziwa Kanyaboli upande wa Kenya. Kamongo na kambare ni wenyeji wa humo. Nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu, hujificha humo. Kuna na ndege mmoja mweusi, kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano, ambaye makazi yake ni mafunjoni tu. Mafunjo yakiondoka, ndege huyo hana pa kwenda.

Sasa najua mtu mmoja huko nyumbani amekwisha sema: "Huyu anataka kutuletea mbu uani." Swali hilo ni la haki, nami nilijiuliza pia. Utafiti uliofanywa wilayani Kabale, Uganda, na kuchapishwa mwaka 2000, ulilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo na vijiji vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa. Ilionekana kwamba palipolimwa palikuwa na joto zaidi, na mbu waenezao malaria walikuwa wengi zaidi majumbani. Mbu hao hupenda vidimbwi vilivyo wazi, vinavyopigwa na jua. Hata hivyo, kinamasi si uani, na nyumbani hatutaacha maji wazi hata kidogo. Nitaeleza jinsi ya kufanya.

Kwanza, mbegu. Usiende kinamasini na jembe. Ukifanya hivyo utakuwa umebomoa nyumba ili upate tofali. Tafuta mtu anayeyang'oa kwa sababu zake, au mwenye nayo bustanini akugawie, au nenda kwa wauza miche. Kwa wauza miche uwe macho, kwa sababu wengi huuza binamu yake mfupi, ambaye kichwa chake kina majani bapa kama mbavu za mwavuli. Mafunjo yenyewe yana nyuzi nyembamba. Mimi miche yangu niliichukua kwa mdogo wangu, katika kipande alichokuwa akikimalizia kung'oa. Nilijaza gunia moja tu.

Safari ya kwanza nilikosea, nawaambieni ili msirudie. Nilichukua fungu zima kubwa na mabua yake marefu, nikalipanda chini ya mwembe ili "lisipate taabu ya jua." Baada ya majuma matatu lilikuwa la kahawia. Mafunjo ni mtoto wa jua. Kivuli kinayaua, na mabua marefu yasiyo na mizizi ya kutosha huyakausha.

Safari ya pili nilifuata njia hii. Kata shina la chini vipande vipande, kila kimoja kiwe na machipukizi mawili au matatu na mizizi yake. Punguza mabua ya zamani yabaki kiasi cha shubiri moja au mbili. Kilaze kipande ndani ya matope, machipukizi yatazame juu, wala usikizike sana. Yasikauke hata siku moja katika majuma ya kwanza.

Kama huna eneo, beseni kubwa au pipa lililokatwa linatosha. Lisiwe na tundu. Jaza udongo wa mfinyanzi au tope la kawaida hadi robo tatu, panda, kisha tandika kokoto juu na mwagilia mpaka maji yafike karibu na uso wa kokoto bila kuzifunika. Hapo mbu hana uso wa maji wa kutagia. Liweke juani. Yakijaa pipa, yatoe, yagawe, mpe jirani. Wapangaji wa nyumba za mjini, hili ni lenu.

Kwa kusafisha maji ya nyumbani, unahitaji kitanda cha kokoto. Kanuni ya kawaida ni mita moja hadi mbili za mraba kwa kila mtu wa nyumbani. Sisi tuko sita, nami nilikuwa na mahali pa mita sita kwa moja, basi nikatumia hapo. Nilichimba kina cha sentimita sitini, nikaacha mteremko mdogo wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea mwisho. Nikatandika nailoni nzito ili maji yasipotee ardhini. Mwanzoni na mwishoni nikaweka mawe makubwa kiasi cha ngumi, katikati nikajaza kokoto zilizooshwa. Mwishoni fundi alinifungia bomba lenye kona inayopinda juu, ili maji yakae sentimita kumi chini ya uso wa kokoto. Ukitazama unaona mawe makavu na mimea, huoni maji. Nikapanda mistari miwili, nusu mita kati ya shina na shina.

Kabla ya kitanda weka pipa la kutulizia. Hili usiliruke. Mafuta ya kupikia na makombo yakiingia moja kwa moja yataziba kokoto, na kitanda kitanuka kuliko mfereji wa zamani. Maji yaingie pipani, mafuta yaelee, taka zitue, na bomba lichukue maji ya katikati. Mafuta na taka huondolewa kila juma, nasi tunafukia shimoni pamoja na takataka za jikoni. Kazi hiyo si ya kupendeza. Nyumbani kwangu tumepangiana zamu, na zamu yangu ni Jumamosi.

Anza kwa maji safi majuma machache, kisha changanya na maji ya bafuni, kisha acha yote yapite. Yatakayotoka upande wa pili yanafaa kumwagilia migomba na miti. Usiyanywe, wala usimwagilie mchicha au kachumbari. Maji ya choo yasiingie humo kamwe. Hayo yana mashimo yake na taratibu zake. Na kitanda kikae mbali na kisima, upande wa chini wake.

Mabua yakiwa ya kahawia, yakate karibu na shina na uache machanga. Ukiyaacha yaoze humo humo, ile mbolea waliyoinyonya itarudi majini, na kazi yote itakuwa bure. Ya kwangu huwa matandazo ya migomba, na mama mmoja wa mtaa wa pili huchukua yaliyonyooka kusukia mikeka. Lakini usikate yote kwa pamoja kila mwezi. Nguvu ya mafunjo imewekwa akiba katika shina la chini, na kila ukatapo unaichota. Yasipopewa nafasi ya kukomaa, hudhoofika mwaka hadi mwaka. Hilo ni kweli kinamasini kama ilivyo uani.

Huenda mwingine akauliza: kwa nini tusipande lile ua zuri la majini lenye maua ya zambarau, linaloelea bila taabu? Ndugu zangu, hilo ndilo gugu maji. Lilitolewa kwao Amerika ya Kusini likaenezwa duniani kama pambo la mabwawa ya bustani, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria. Wana Mwanza hawahitaji kuelezwa yaliyofuata, mitumbwi kukwama na mwalo kuzibwa. Kwa hiyo tukipamba nyumba, tuanze na mimea ya kwetu. Mche wa mafunjo ukichukuliwa na mvua kutoka uani kwangu hadi ziwani, umerudi nyumbani kwao.

Na sasa niseme jambo ambalo mpenda mafunjo hapaswi kulificha. Kitanda changu cha mita sita si kinamasi. Minana huja kuchukua nyuzi za kujengea viota, na watoto hufurahi, lakini yule ndege wa kifua chekundu hatakuja mlimani kwangu, wala ngege hatazaa ndani ya kokoto. Mtu asipande shina kumi uani kisha akanunua kiwanja cha kinamasi akakijaza kifusi, akidhani deni limelipwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa ziwa au mto, au shughuli nyingine zinazoweza kuathiri mazingira yake. Mita sitini hizo ndizo makazi ya mafunjo. Uani tunapunguza uchafu uendao huko, na tunaufahamu mmea. Kuutunza kwao ni kazi nyingine, nayo haina mbadala.

Mdogo wangu sikumhubiria sheria. Ziwa ndilo lililomhubiria. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kimo ambacho hakikuonekana tangu miaka ya 1960, na matuta yake ya nyanya, yasiyo na chochote cha kuvunja mawimbi, yalikwenda pamoja na mbolea na dawa alizokopa. Kwa jirani yake, aliyekuwa mvivu wa kung'oa, mafunjo yaliinuka pamoja na maji, udongo wa nyuma yake ukabaki. Maji yaliposhuka nilimpelekea gunia la miche kutoka kitanda changu, watoto wa miche ile ile aliyoing'oa yeye. Alilitazama akacheka, akasema, "Kaka, umeniletea takataka zangu." Lakini aliipanda, mstari mmoja mpana upande wa ziwa. Bado analima nyuma yake, na bado tunabishana juu ya hizo mita sitini. Sijashinda, ila ukanda upo.

Na yule bibi wa chini? Njia yake ilikauka baada ya miezi michache, kwa kuwa kinachotoka sasa huishia kwenye migomba yangu. Sikwenda kumwambia. Alipanda mwenyewe zile ngazi, akakubali kiti safari hii, akatazama yale mabua yaliyokuwa yamempita kimo. Akaniambia kwamba kwao, Ukerewe, alikuwa akiyakata na mama yake. Kisha akauliza kama naweza kumpa shina mbili za kuweka kwenye pipa.

Ndugu msikilizaji, kama uani kwako kuna mfereji unaomtelezesha mjukuu wa mtu, usingoje apande ngazi. Tafuta pipa, tafuta kokoto, tafuta shina moja la mafunjo. Mafunjo hayaliwi, ni kweli. Lakini samaki unaowala wamezaliwa humo, na maji unayopikia yamepita humo.

Hadi juma lijalo, nawatakia kazi njema. Kwaherini.